Kamera isiyouliza: Kim Longinotto akitazamwa kutoka Bukavu

"Nilie sasa, ao munangojea taa?"

Mama aliyesema hivyo anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, karibu na soko la Nyawera hapa Bukavu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama fundi anayetaka kujua kazi inaanza saa ngapi. Mwanafunzi wangu, binti wa miaka ishirini na moja, alikuwa ameshasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ameshambana mama mikro kwenye kitenge, na daftari la maswali lilikuwa wazi mkononi. Swali la kwanza: "Mama, siku ile ulijisikiaje?"

Siku ipi? Binti mwenyewe hakujua. Alidhani tu kwamba kila mama wa huku kwetu ana siku ile, siku ya kutendewa ukatili. Na mama, aliyekwisha kuhojiwa na watu wa ONG, yaani mashirika ya misaada, na watu wa redio, na wageni wawili ambao hajui picha zake walizipeleka wapi, alijua anatakiwa kutoa nini.

Nilimwambia binti azime. Tukanunua sambaza, tukapanda kilima hadi kwangu, na kwa kuwa jioni ile umeme ulikuwepo, nikawaonyesha wanafunzi wangu wote watano filamu ya Mwingereza mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma picha kwa picha tangu nilipoanza kushika kamera, miaka kumi na sita sasa. Wameniomba niandike yale niliyoyasema usiku ule, kwa sababu nusu yake nililisema huku nikikaanga samaki.

Mwingereza huyo, Kim Longinotto, mtengenezaji wa filamu za hali halisi, alizaliwa London mwaka 1952, baba yake Mwitaliano. Akiwa na miaka kumi alipelekwa shule ya bweni ya wasichana, kali kama kambi. Siku moja walitoka matembezi na shule, yeye akapotea njia. Aliporudi, mwalimu alikataza wasichana wote kuzungumza naye, muhula mzima. Kila ninapofikia hapo wanafunzi wangu hunyamaza. Kwetu mtoto anaweza kuchapwa, anaweza kunyimwa chakula, lakini kumkatia maneno watu wote kwa wiki na wiki, hilo wanaliona la kichawi. Mimi nina dhana yangu: mtu aliyekaa katikati ya wenzake miezi bila kusemeshwa hujifunza kutazama midomo, mikono, migongo ya watu, na baadaye hilo ndilo likawa kamera yake.

Baadaye alikaa kipindi bila makao, akasoma fasihi chuo kikuu cha Essex, kisha akaingia shule ya taifa ya filamu na televisheni ya Uingereza. Akiwa bado mwanafunzi alirudi kwenye bweni lile lile na kamera na kutengeneza Pride of Place (1976). Mwaka mmoja hivi baada ya filamu, shule ikafungwa. Sisemi filamu ndiyo iliyoifunga. Nasema tu kwamba wengi wetu tungependa filamu ya kwanza ya namna hiyo.

Iliyofuata, Theatre Girls (1978), aliifanya na Claire Pollak katika hosteli ya wanawake wasio na makao, mtaa wa Soho. Kisha zikaja filamu kadhaa za Japani. Nazipita haraka, ingawa Shinjuku Boys (1995) ina mashabiki wake na wana haki.

Nakuja Tehran, maana hapo ndipo kanuni zake zote zinaonekana kwa pamoja.

Divorce Iranian Style (1998) aliifanya na Ziba Mir-Hosseini, mtaalamu wa anthropolojia aliyezaliwa Iran na aliyezijua mahakama zile kabla ya kamera kufika. Timu ilikuwa ya wanawake. Mahali ni chumba kimoja cha mahakama ya familia: hakimu mezani, karani wa kike pembeni, na wake na waume waliobanana kwenye viti mbele yake. Mwanamume aliweza kumwacha mkewe bila kutoa sababu. Mwanamke ilimpasa athibitishe kasoro ya mume. Basi ungetegemea filamu ya machozi. Badala yake unaona wanawake wanaojadiliana kama wako sokoni: wanapaza sauti, wanabembeleza, wanadanganya kidogo, wanacheka nje mlangoni, wanarudi ndani na uso mwingine. Silaha yao kubwa ni mahari, kwa sababu kule mahari ni deni la mume kwa mke mwenyewe, na asiyetaka kulilipa hukubali mazungumzo. Wanafunzi wangu waliomba nirudishe nyuma sehemu hiyo. Huku mahari ni ng'ombe au bei ya ng'ombe, na vinakwenda kwa baba. Mmoja akauliza: "Kumbe inaweza kuwa ya kwangu?" Tukakaa hapo nusu saa, filamu imesimama.

Kisha kuna Paniz, mtoto wa yule karani, ambaye hushinda mahakamani na mama yake. Hakimu anapotoka, anapanda kwenye kiti chake na kuanza kuhukumu, kwa sauti ya hakimu, mume wa kufikirika. Hakuna aliyemwambia apande. Kitu kama hicho hakipatikani na mtu aliyekuja na daftari la maswali na gari linalomngoja nje. Kinapatikana na mtu aliyekaa siku nyingi hadi mtoto amechoka kumshangaa.

Sasa kanuni zenyewe. Kamera anaishika mwenyewe, na ikifika saa ya kupiga hutaona umati wa mafundi chumbani: yeye, mtu wa sauti, na mwenzake anayejua lugha na watu. Sauti ya msimulizi ni nadra sana. Mahojiano ya kumkalisha mtu kwenye kiti na kumuuliza maumivu yake, anayakwepa. Mtu akitaka kuzungumza na kamera, atageuka mwenyewe na kuzungumza, na hapo utasikia anavyoongea na mtu anayemfahamu.

La mwenzake anayejua lugha ndilo ninalolikazia zaidi, na sisi Wakongo tuna sababu. Mwaka 2015, filamu ya Thierry Michel kuhusu Denis Mukwege, daktari wa hospitali ya Panzi hapa Bukavu anayewatibu wanawake waliobakwa, ilipigwa marufuku nchini mwezi Septemba, kisha ikaachiliwa Oktoba. Katika yale serikali iliyolalamikia ilikuwamo tafsiri ya maneno ya wanawake kwenye maandishi ya chini ya picha. Mimi siungi mkono marufuku ile. Lakini tangu siku hizo namwambia kila mwanafunzi: maandishi ya chini ni ushahidi. Ukiweka neno ambalo mama hakulisema, umempa adui yako funguo, na mama umempokonya kinywa.

Filamu niliyowaonyesha usiku ule ni Sisters in Law (2005), aliyoifanya na Florence Ayisi, mzaliwa wa Kamerun. Ni Kumba, mji wa kusini-magharibi mwa Kamerun, na wakuu wa filamu ni wanawake wawili wa sheria: mwendesha mashtaka Vera Ngassa na hakimu Beatrice Ntuba. Manka, mtoto wa miaka sita, anafikishwa ofisini akiwa na makovu ya kipigo cha shangazi yake. Amina, mwanamke Mwislamu, anataka kuachana na mume anayempiga. Katika mahakama ile ilikuwa imepita miaka 17 bila mume hata mmoja kutiwa hatiani kwa kumpiga mkewe. Wa Amina akatiwa.

Tazama Ngassa anavyofanya kazi. Hahutubii. Yuko nyuma ya meza yenye mafaili, anauliza, anakunja uso, anatania, anamkaripia mtu mzima kama mwanawe. Amina naye haingii kwenye filamu akiwa jeraha linalosubiri kupigwa picha. Anaingia akiwa na kesi. Amekuja kudai kitu, na kuna mtu mwenye kalamu na muhuri ambaye lazima amjibu. Kamera inafuata dai. Machozi yakija, yanakuja njiani, na hayachukui usukani.

Msomaji wa hapa atasema: lakini sisi tunayo. Ndiyo. Maman Colonelle (2017) ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, inaanzia hapa hapa Bukavu. Inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi ya kulinda watoto na kupambana na ukatili wa kingono, anapohamishiwa Kisangani, ambako anakutana na wanawake ambao tangu vita vya siku sita vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, hakuna aliyewasikiliza. Sijui kama Hamadi na Longinotto wamewahi kuongea, wala hainihusu. Ninachoona ni ndugu wawili wa kazi: wote wawili wamemweka katikati mwanamke anayefanya jambo, aliyechoka, mwenye kofia yake ya kazi kichwani.

Sheria tunazo pia. Ya ukatili wa kingono ni ya Julai 2006. Sheria ya familia ilirekebishwa Julai 2016, na mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili aende mahakamani, ingawa maneno ya kwamba mume ni mkuu wa nyumba yamebaki palepale. Kati ya karatasi hizo na mlango wa mahakama kuna filamu kumi ambazo hakuna aliyezipiga. Kuhusu hali ya mji tangu Februari 2025 sitaandika. Anayeishi hapa anajua kwa nini.

Nisidhaniwe kuwa namwabudu. Kuna filamu yake ambayo nimegombana nayo miaka yote: The Day I Will Never Forget (2002), kuhusu ukeketaji nchini Kenya. Ina mambo makubwa sana. Binti mdogo, Fouzia, anasoma shairi alilotunga mwenyewe kuhusu siku aliyokeketwa, na anamwomba mama yake amwache mdogo wake. Wasichana wengine wanawashtaki wazazi wao mahakamani ili wasikeketwe. Wanaipeleka kesi wenyewe, wakiwa na sare za shule. Lakini katikati kuna chumba, na ndani yake dada wawili wanakeketwa, na kamera ipo. Inabaki.

Mwanafunzi mmoja alitoka nje kwenye sehemu hiyo, na sikumwita. Wapo wanaosema: bila picha ile, watu wangeendelea kuliita jambo hili mila nzuri. Wapo wanaosema: mtu mzima mwenye mikono miwili alikuwa chumbani. Zamani nilikuwa upande wa kwanza. Tangu nizae niko upande wa pili, siku nyingi za wiki. Ninachompa Longinotto ni kwamba hakuipamba sehemu ile kwa muziki, wala hakutuachia njia ya kujifanya hatukuona.

Baada ya hapo alikwenda Durban kwa wanawake wanaotetea watoto waliobakwa (Rough Aunties, iliyopata tuzo kuu ya filamu za hali halisi za kimataifa huko Sundance 2009), India kwa Sampat Pal na kundi lake la sari za waridi, kisha Tamil Nadu kwa mshairi Salma, Chicago kwa Brenda Myers-Powell aliyetoka kwenye ukahaba na kurudi kuwasaidia wasichana wa barabarani (Dreamcatcher, 2015), na Palermo kwa mpiga picha Letizia Battaglia (2019). Ukiwapanga wote kwenye ukuta mmoja, ni wanawake wenye midomo, wakaidi, baadhi yao wagumu kupendwa. Sampat Pal hasa anajisifu hadi unataka kuzima. Longinotto hakumkata kwenye montaji, yaani uhariri wa picha, ili awe mtakatifu, na ndiyo maana namwamini.

Shida yetu kubwa ni mwenye hela. Anakuja na kazi ya dakika tano, siku tatu za kupiga, "shuhuda mbili zenye nguvu". Zenye nguvu maana yake unaijua. Nimezifanya kazi hizo, nimelipa nazo ada za watoto, na sitajifanya msafi mbele yenu. Siku hizi naomba siku moja zaidi, ambayo kamera haitoki mfukoni. Mara nyingi nakataliwa.

Yule binti alirudi Nyawera. Siku mbili alikaa tu, akasaidia kupanga mabakuli. Mama alikubali apigwe picha kwa sharti moja, kwamba azione kwanza yeye. Siku ya tatu binti alishika kamera mkononi, bila miguu, na akapata hii: alfajiri, mashua za sambaza zimerudi kutoka ziwani na taa zake bado zinawaka, mama anapima kwa macho bakuli alilouziwa, analirudisha, na anaanza kumshughulikia mwenye samaki kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku. Dakika nne, hakati pumzi. Mwanamume yule anaongeza samaki kiganja cha kwanza, cha pili, anaangalia kando, anaongeza cha tatu.

Binti hajui Mashi. Tumemchukua mtoto wa dada yake mama atafsiri, na jina lake litaandikwa kama mwenzake wa kazi. Kazi inakwenda vizuri, isipokuwa katika dakika ya tatu kuna neno moja ambalo anacheka kila likipita na anakataa kabisa kutuambia maana yake.