Olubugo Chini, Picha Juu: Namna Ninavyopanga Ukurasa wa Albamu ya Kidijitali

Familia inaponiletea picha za kwanjula, sherehe ya Waganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, ili niwatengenezee albamu, kazi yangu ya kwanza ni kupunguza. Mamia ya picha hufika hapa Kampala kupitia simu, kuanzia vikapu vya zawadi hadi gomesi, yaani magauni ya heshima, za kina ssenga, shangazi wa bibi harusi, na kila ndugu hutamani yake isiachwe. Ukurasa wa inchi 12 kwa 12 hubeba vizuri picha moja kubwa na mbili au tatu ndogo. Ukizidisha hapo, unakuwa ubao wa matangazo. Picha kuu huiweka kando kidogo ya katikati, uso wa mhusika ukielekea ndani ya ukurasa, kwa kuwa bibi harusi anayetazama nje huyavuta macho ya mtazamaji yakatoka pamoja naye.

Kwa uchapishaji wa pikseli (nukta zinazounda picha) 300 kwa inchi, ukurasa huo unahitaji pikseli 3600 kila upande. Picha iliyobanwa na WhatsApp hadi pikseli 1600 kwa upande wake mrefu itachapika vizuri kwa inchi tano na kidogo tu, ndiyo maana huwaomba wateja wanitumie picha kuu kama faili la hati (document), ambalo halibanwi.

Katika programu ya kuhariri picha, kila kitu hukaa katika tabaka lake (layer), moja juu ya jingine, na chini ya picha zote huweka tabaka la olubugo. Kitambaa hiki cha Waganda, kinachotokana na gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao, kiliingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu hupatana na karibu kila gomesi. Skana ya A4 haifikii upana wa inchi 12. Kwa hiyo huskani kipande cha inchi 8 kwa pikseli 600 kwa inchi, nikapata pikseli 4800, kisha nikakipunguza hadi 3600. Kwa kuwa inchi 8 zimetandazwa kwenye inchi 12, nyuzi zitaonekana nene mara moja na nusu kuliko zilivyo, jambo ambalo mimi nalipenda.

Picha ya zamani ya babu, isiyo na rangi, huilaza juu ya olubugo na kubadili tabaka lake liwe katika hali ya kuzidisha (Multiply). Palipo peupe hupotea na palipo na giza hubaki, hata ikaonekana kana kwamba sura imechapwa juu ya gome lenyewe. Kingo zake sizifuti kwa kifutio, kwani kilichofutwa hakirudi faili likishafungwa. Natumia kinyago cha tabaka (layer mask), ambamo rangi nyeusi huficha na nyeupe hufichua, iwe katika Photoshop au katika GIMP, ambayo hailipiwi.

Penye makosa mengi zaidi ni vivuli. Ukurasa huu unajifanya karatasi, na karatasi halisi mezani humulikwa kutoka upande mmoja. Ikiwa picha moja ina kivuli chini kulia na ushanga wa pambo ulio karibu nayo una kivuli kushoto, jicho litakataa hata kabla ya kujua sababu. Mimi huchagua mwanga wa juu kushoto kwa kila kitu: karatasi nyembamba hupewa kivuli kifupi chenye ukingo mkali, na ushanga au kifungo hupewa kirefu na laini zaidi. Rangi ya kivuli si nyeusi tupu; naichota katika sehemu yenye giza kabisa ya olubugo.

Kuhusu maandishi, fonti mbili zinatosha.

Mpiga chapa mmoja aliwahi kunikatia kilemba cha bibi kwa sababu nilikisogeza mno ukingoni. Tangu siku hiyo huongeza milimita 3 za olubugo kila upande kwa ajili ya kisu, na nyuso zote hukaa angalau sentimita moja ndani ya mstari wa kukatia.