Senta akirudi katikati ya msimu

Jumanne jioni Mwembe, senta wetu, yule mtu mrefu wa kukaa chini ya kikapu, alivua kandambili, akafunga raba zake za kikapu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tisa. Wenzake wakampigia makofi. Dakika ya sita ya mazoezi, pointi gadi wetu, anayeongoza mashambulizi, akampa winga mpira, akakata mbio kuelekea chini ya kikapu kama alivyozoea kufanya kipindi chote ambacho Mwembe hakuwepo. Alipofika akaukuta mgongo wa Mwembe. Pasi ilikuwa imeshatoka. Mpira ukampiga Mwembe begani, ukatoka nje ya mstari. Wakasimama wakitazamana, na ukiniuliza nani alikosea, sina wa kumnyooshea kidole. Kila mmoja alikuwa pale nilipomfundisha kuwa, ila nilimfundisha kila mmoja kwa wakati wake.

Nafundisha kikapu chuoni hapa Tabora, na nimeona jambo hili likiharibu misimu ya timu nzuri. Senta anapona, kesho yake anapangwa kuanza, kocha anawaambia vijana, "Sasa tumekamilika." Mechi mbili baadaye gadi hawana raha, senta anahema, na kila mtu anashangaa timu iliyokuwa ikishinda bila mtu mrefu imeingiwa na nini. Pengo la senta halikai wazi wiki tisa likimsubiri mwenyewe. Wenzake wanalijaza, tena wakati mwingine wanalijaza kwa kitu kizuri. Kwa hiyo ninapomrudisha najiuliza swali moja tu: ni kazi gani nimpe kwanza ambayo haitawanyang'anya wenzake walichokipata akiwa nje? Jibu langu ni ulinzi na ribaundi, yaani kudaka mpira uliorushwa ukakosa kuingia. Skrini, yaani kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzako apite, zinafuata. Kumpa mpira akiwa amekipa kikapu mgongo ni jambo la mwisho kabisa, hata kama ndilo alilosifika nalo.

Jina la Mwembe alipewa na wanachuo, na katika mji uliojaa miembe kama huu halihitaji maelezo. Ana mita 2.03. Aliumia kwa njia ambayo wachezaji wengi wa kikapu huumia kifundo cha mguu: aliruka kuchukua ribaundi, akatua juu ya kiatu cha mpinzani, mguu ukapinda kwa ndani. Uwanja wetu ni wa saruji, hauna huruma.

Bila yeye nilibadilisha mashambulizi yote. Eneo la sekunde tatu, lile la chini ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya muda huo, kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lina upana wa mita 4.9 na kina cha mita 5.8 kutoka mstari wa nyuma. Ni chumba kidogo. Senta akisimama humo anakuja na mlinzi wake, na hao wawili wakinyoosha mikono, gadi mwenye mita 1.70 hana pa kupita. Nilipowatoa wote watano nje, chumba kikabaki kitupu. Namba tano, nafasi ya senta, nikampa kijana mmoja wa Nguruka, mita 1.88, mwenye mkono mzuri wa mbali, na senta wa wapinzani ikabidi atoke kumfuata hadi mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kikapuni. Senta wengi hawapendi kabisa kukaa huko. Gadi wangu wakaanza kukata, kupokea mpira wakiwa mbioni na kufunga kirahisi. Walikua mbele ya macho yangu.

Tulichokosa ni ribaundi. Wapinzani walikuwa wanakosa, wanaokota, wanarusha tena. Na kwa kanuni za sasa, timu inayoshambulia ikiokota mpira uliogonga ringi inaanza kuhesabiwa upya sekunde 14 za kushambulia. Vijana wangu walikuwa wamekwisha kulinda vizuri sekunde 20 na ushee, halafu wanatakiwa kulinda tena 14 wakiwa wamekwisha nguvu. Pointi nyingi tulizofungwa zilipatikana hapo. Mwembe ndiye wa kuziba tundu hilo, na uzuri wake ni kwamba akiliziba hamnyang'anyi mtu yeyote mpira wala njia.

Lakini kwanza kifundo. Wiki ya nne alinifuata ofisini: "Shikamoo Mwalimu. Siumwi tena, nipange Jumamosi." Nikatoka naye hadi uwanjani. Nikamwambia asimame kwa mguu ulioumia na afumbe macho. Nilihesabu hadi nne, akayumba, akaishika nguzo ya kikapu. Kwa mguu mzima nilifika thelathini nikaacha kuhesabu mwenyewe. Hakubisha tena.

Kano za kifundo hazishiki mifupa tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari za jinsi mguu ulivyokaa. Kano zikichanika habari hizo zinachelewa, maumivu yanaisha lakini mguu unatua bila kujua unatua wapi. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja yumo hatarini kuteguka tena, hasa akirudi mapema. Dawa yake ni mazoezi ya kusimamia mguu mmoja, kila siku, na kunyanyua kisigino hadi misuli ya shavu la mguu iwake. Wataalamu wengi wa fiziotherapia wanataka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima katika kuruka kabla mchezaji hajaruhusiwa. Sisi hatuna mashine. Tuna chokaa na futi kamba: anaruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, tunapima, tunalinganisha. Wiki ya nane akafika. Hadi leo anafungwa bandeji ngumu kabla ya kila mechi, na sijali akilalamika kwamba inambana.

Pumzi nayo ina habari yake. Wiki mbili tatu bila kukimbia zinatosha kumrudisha mtu nyuma, na mwili mkubwa unadai zaidi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kukimbia, tulimpa baiskeli. Alikuwa akienda Kwihara, kule lilipo tembe la Livingstone, na kurudi, asubuhi kabla ya vipindi. Njia ya mchanga ilimchosha vizuri bila kukigonga kifundo.

Jambo lililonisaidia kuliko yote halikuhusu mwili. Nilimpa daftari. Katika kila mechi aliyokaa benchi kazi yake ilikuwa kuandika kila ribaundi tuliyopoteza: nani alikuwa karibu, nani alisahau kumweka mpinzani mgongoni, mpira ulirushwa kutoka upande gani. Mechi ya tatu alinionyesha jambo ambalo sikuliona: mipira mingi iliyorushwa kutoka kona ya kulia ilikuwa ikianguka upande wa kushoto, na kushoto kwetu hakukuwa na mtu, kwa sababu winga wa upande huo alikuwa ameshaanza kukimbilia mbele. Mrusho wa kutoka kona ukikosa, mara nyingi mpira huvuka kwenda upande wa pili. Kila kocha anajua hilo, lakini mchezaji aliyelihesabu kwa kalamu yake mwenyewe halisahau. Aliporudi uwanjani alikuwa anajua atasimama wapi, tena alikuwa ameiona timu mpya ikicheza mechi saba nzima.

Wiki ya kwanza ya kurudi kwake, sikumruhusu kufunga. Nasema kweli: katika mazoezi ya watano kwa watano alikatazwa kurusha. Kazi yake ilikuwa kulinda ringi, kuchukua ribaundi, kumpa gadi mpira, kukimbia. Na kusema. Senta ndiye pekee anayeuona uwanja mzima wakati wa kulinda, kwa kuwa yuko nyuma ya wote. Gadi haoni skrini inayomjia mgongoni, anategemea sauti. Mwembe alikuwa amerudi kimya, nadhani kwa aibu ya mtu aliyekuwa hayupo. Nikasimamisha mazoezi mara tatu. Mara ya nne gadi akagongwa na skrini hadi akakaa chini, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia Mwembe akimwambia, "Samahani mdogo wangu, nimeiona." Mchezo uliofuata sauti yake ilisikika hadi bwenini: "Skrini kushoto! Kushoto! Pita juu!"

Watanzania tuna mfano mkubwa wa senta anayebadilisha mchezo bila mpira. Hasheem Thabeet, mita 2.21, alichezea chuo cha University of Connecticut, Marekani, hadi 2009, na mara mbili, 2008 na 2009, alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo vya huko. Mwaka huo wa 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Hakufika hapo kwa sababu ya ufungaji. Watu walikuwa wakiingia chini ya kikapu, wakimwona, wanageuza. Mrusho uliobadilishwa njia hauandikwi kwenye karatasi ya mechi, ila kocha anauona, na gadi aliyepitwa na mtu wake anamshukuru Mungu kwamba nyuma yake kuna mtu.

Na kwa anayedhani senta akichelewa kuanza msimu basi msimu umekwisha, amkumbuke Festus Ezeli, Mnigeria aliyekuwa senta wa chuo cha Vanderbilt, Marekani, msimu wa 2011-12. Alikosa mechi za mwanzo, kwanza kwa adhabu, kisha kwa goti, halafu akarudi. Machi 2012 Vanderbilt waliifunga Kentucky kwenye fainali ya mashindano ya SEC, ligi yao ya vyuo, na Kentucky hao hao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa vyuo vya Marekani wiki chache baadaye.

Tuje kwenye dakika. Mechi ni dakika 40, kota nne za dakika 10. Mechi ya kwanza Mwembe alicheza dakika 12, kwa vipande vya dakika tatu tatu. Hakuanza. Aliingia zikiwa zimebaki dakika nne kota ya kwanza, wakati senta wa wapinzani ameshaanza kuvuta pumzi kwa mdomo. Mchezaji anayerudi akipangwa kuanza anakutana na wapinzani wakiwa na nguvu zote, anajitutumua, anachoka dakika ya tano, halafu zinakuja faulo. Miguu ikichoka, mikono ndiyo inayolinda. Kila senta aliyechoka anaanza kumshika mtu kiunoni badala ya kusogea. Nikiuona mkono wake umeshuka kiunoni mwa mpinzani, namtoa hapo hapo, hata kama anacheza vizuri. Faulo tano zinamtoa mtu mchezoni, na ukishampoteza kwa faulo kota ya tatu hukumrudisha kwa lolote.

Skrini tulianza wiki ya pili, na hapa nilisisitiza apangwe na pointi gadi yule yule kila mara. Maelewano ya watu wawili hayagawiwi kwa timu nzima kwa siku moja. Kosa lao lilikuwa dogo sana kwa macho. Mwembe alifika, akatanua miguu, lakini nusu sekunde kabla gadi hajapita begani kwake alikuwa ameshaanza kugeuka kukimbilia kikapu, kwa mazoea ya zamani. Mlinzi akapata upenyo. Wakati mwingine akamgusa mlinzi akiwa mwenyewe bado anatembea, na hiyo ni faulo. Nikachora kwa chokaa nyayo mbili kwenye saruji. "Zisiondoke hapo mpaka usikie bega la mwenzako limegusa bega lako." Walirudia jioni tatu, hadi chokaa ikafutika.

Kuna mtu mmoja ambaye makocha tunamsahau. Yule kijana wa Nguruka aliniuliza baada ya mazoezi, akiwa anakunja jezi, "Kocha, sasa mimi ndiyo basi?" Swali lake lilinichoma, kwa sababu alikuwa ameibeba timu wiki tisa na mimi sikuwa nimemwambia neno. Nikamweleza ukweli. Dakika zako zitapungua. Hazitaisha, kwa sababu nikitaka kumtoa senta wao nje ya chumba nakuhitaji wewe, Mwembe hana mkono huo. Na kuna dakika mtacheza pamoja, yeye chini, wewe juu. Akaitikia, "Sawa Kocha." Ningepaswa kuzungumza naye kabla ya Mwembe kuvaa raba, si baada.

Jumamosi iliyopita, mechi ya tatu, kota ya pili, winga alikuwa na mpira na pointi gadi akakata kama siku ile ya Jumanne. Mwembe alimwona kwa pembeni. Alirudi hatua mbili kwenye mstari wa nyuma, nje kidogo ya eneo la sekunde tatu, akainua mikono kama anayetaka pasi. Mlinzi wake akamfuata. Chumba kikafunguka, gadi akapokea, akafunga kwa kubandika kwenye ubao. Mwembe hakugusa mpira. Akakimbia kurudi kulinda, akipiga kelele.

Wiki ijayo nitaanza kumpa mpira kwenye mstari wa faulo akiwa ameelekea kikapu, wenzake wakimkatia pande zote mbili. Daftari la ribaundi sasa linashikwa na kijana wa Nguruka anapokuwa benchi. Jana alilifungua mbele ya Mwembe, akamwonyesha kwa kidole: "Kaka, kota ya tatu, kona ya kulia, mara mbili hukuwepo kushoto." Mwembe akaomba kalamu, akaziwekea alama.