Je, wajua kwa nini anayeanza kucheza huwa na faida, na mbunifu wa mchezo huiondoaje?

Tuseme umebuni mchezo wako wa ubao. Kete za pande zote mbili zinalingana, hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Unaujaribu na wenzako siku baada ya siku, kisha unaona kwamba anayeanza ndiye anayeshinda mara nyingi zaidi. Upendeleo umeingilia wapi?

Umeingilia kwenye zamu. Anayeanza akishacheza, amemzidi mwenzake hatua moja. Mwenzake akicheza, wanalingana tu, halafu pengo linarudi palepale. Wa pili hufikia, lakini hapiti. Katika mchezo wa kukimbilia lengo, hatua hiyo moja inaweza kuamua kila kitu. Katika mchezo wa kukusanya mali ni vibaya zaidi, kwa sababu aliyepata mapema huwekeza mapema, na faida yake huanza kuzaa faida nyingine wakati mwenzake bado anatafuta mtaji.

Ushahidi upo. Katika Connect Four, ambapo kete hudondoshwa kwenye safu 7 zenye vyumba 6 kila moja ili kupata 4 mfululizo, James Allen na Victor Allis walionyesha Oktoba 1988, kila mmoja kivyake, kwamba anayeanzia safu ya katikati hazuiliki iwapo hakosei. Akianzia safu jirani na ya katikati, ni sare. Akianzia safu yoyote kati ya zile 4 za nje, wa pili ndiye anayeweza kulazimisha ushindi. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ndani yake kuna dawa.

Dawa rahisi kuliko zote ni fidia. Katika Go, mchezo wa kale wa Asia Mashariki wa kuzingira maeneo ya ubao, mwenye kete nyeusi huanza, na mweupe huongezewa pointi mwishoni. Japani walitoa 5.5 kwa miaka mingi, na mwaka 2002 wakapandisha hadi 6.5 kwa kuwa mweusi aliendelea kushinda zaidi. China hutoa 7.5. Ile nusu haipatikani popote ubaoni. Imewekwa ili sare isiwepo. Lakini angalia ugumu wake: Go ina karne nyingi na rekodi tele za mechi, na bado kiasi sahihi kilichukua muda kujulikana. Wewe mwenye mchezo wa miezi mitatu utakijuaje? Ukicheza mechi 50 na aliyeanza akashinda 28, huwezi kusema lolote, maana hata sarafu inayorushwa hufanya hivyo. Akishinda 280 kati ya 500, hapo una sababu ya kuamini. Ni mechi nyingi mno kwa mtu mwenye marafiki wanne.

Ndiyo maana mimi naipenda zaidi dawa ya pili, ambayo haikudai ujue kiasi. Wape watoto wawili keki moja: mmoja akate, mwingine achague. Mkataji mwenyewe atahangaika kuzigawa sawa. Katika mchezo, mmoja hucheza hatua ya kwanza, kisha mwenzake huchagua: aendelee kama wa pili, au aichukue hatua ile iwe yake. Kanuni hii hutumika sana katika Hex, mchezo wa kuunganisha kwa kete zako pande mbili za ubao zinazotazamana, ambao Piet Hein wa Denmark aliutoa mwaka 1942, na mwanahisabati John Nash akaubuni upya kivyake mwaka 1948. Nash alithibitisha kwamba anayeanza ana njia ya ushindi, bila kuionyesha njia yenyewe. Alisema hivi: tuchukulie wa pili ndiye mwenye njia ya uhakika. Basi wa kwanza aweke kete popote, kisha aiibe njia hiyo na kujifanya yeye ndiye wa pili. Kete ya ziada katika Hex haimdhuru mwenyewe kamwe, kwa hiyo atashinda. Haiwezekani wote wawili washinde, na Hex haina sare, basi mwenye njia ni wa kwanza. Kwa kanuni ya kuchagua, ukiweka kete katikati utanyang'anywa. Ukiiweka kwenye kona iliyo dhaifu utaachiwa. Inabidi utafute chumba ambacho wewe mwenyewe hujui ungependa kukaa upande gani wake.

Zipo njia nyingine. Katika Connect6, mchezo wa kupanga kete 6 mfululizo, wa kwanza huweka kete 1, kisha kila zamu ni kete 2, hivyo anayemaliza kucheza ndiye huwa mbele kwa kete moja, kwa kupokezana. Katika Catan, mchezo wa kukusanya mali na kujenga makazi, makazi ya kwanza huwekwa kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4, na ya pili huwekwa kwa kurudi nyuma, 4, 3, 2, 1.

Kanuni ya kuchagua ina mpaka wake. Hufanya kazi pale tu ambapo hatua za kwanza zinatofautiana kwa nguvu, kama safu zile za Connect Four. Kama kila mwanzo una nguvu, wa pili atachukua tu kila mara, na upendeleo utakuwa umehamia kwake. Katika Gomoku, mchezo wa kupanga kete 5 mfululizo ambao Allis huyohuyo alionyesha miaka ya 1990 kwamba anayeanza hushinda, wachezaji waliongeza ukali: mmoja hupanga kete 3 za mwanzo, nyeusi 2 na nyeupe 1, ndipo mwenzake achague rangi. Kama mchezo wako una mwanzo wenye nguvu kila mahali, jaribu njia hiyo ya kete 3 kwanza kabla ya kubadilisha ubao.