Ruhusa za saraka katika Linux: maana ya 755, 750 na 1777

Anayejijengea mfumo wa Linux tangu mwanzo huanza na diski tupu: saraka (folda) za /etc, /home, /root, /tmp, /var, zote huziunda mwenyewe. Kuziunda ni amri moja ya mkdir. Kazi iko kwenye ruhusa.

Tarakimu tatu za ruhusa ni za mwenyewe, za kikundi na za watu wengine, kwa mpangilio huo. Kusoma ni 4, kuandika 2, kutekeleza 1, kisha hujumlishwa: 7 ni zote tatu, 5 ni kusoma na kutekeleza, 0 ni hakuna. Ila kwenye saraka maana hugeuka, na hapo ndipo wengi huteleza: 4 ni kuona majina yaliyomo, 1 ni kupita ndani, na 2 ikiwa pamoja na 1 ni kuongeza, kubadili majina na kufuta. Yaani ruhusa ya kufuta faili haiko kwenye faili, iko kwenye saraka. Faili yako hata iwe 400, mwenye ruhusa ya kuandika kwenye saraka hiyo ataifuta.

Chukua kompyuta ya maabara ya shule hapa Lamu, kila mwanafunzi na akaunti yake. Kila mmoja lazima aweze kuandika ndani ya /tmp, maana programu huweka humo faili za muda. Ukiipa 777, Fatma anaweza kufuta faili ya Omari. Ndiyo maana huongezwa 1 mbele, ikawa 1777: faili itafutwa na mwenye faili, mwenye saraka, au root (msimamizi mkuu wa mfumo) tu. Ni kama daka la nyumba zetu, mgeni yeyote huketi lakini kikapu cha mwenziwe hakiondoi. Amri hizi huunda saraka na kuzipa ruhusa papo hapo:

install -d -m 1777 /tmp /var/tmp
install -d -m 0750 /root

Kagua kwa ls -ld /tmp. Jibu sahihi ni drwxrwxrwt. Ikiishia na x, ile 1 haipo. Mara nyingi ni mtu aliyepita baadaye na chmod 777 /tmp, amri ya kubadili ruhusa. Inaondoka kimyakimya, bila ujumbe wa kosa.

Angalia umask pia kabla ya kuanza, yaani namba ya ruhusa zinazoondolewa kwa kila faili au saraka mpya. Ikiwa 022, saraka mpya hutoka 755. Ikiwa 077, /usr hutoka 700: root hufanya kazi zake vizuri, lakini mtumiaji wa kawaida akiingia hata ls haimfanyii kazi. Na mkdir -p -m, inayounda saraka pamoja na za juu yake zisizokuwepo, huipa namba uliyoandika saraka ya mwisho tu. Za katikati hufuata umask.

Usijaribu kuponya hayo kwa chmod -R 755 /. Amri hiyo hupita kwenye faili zote za mfumo, na huzipokonya programu za su (kubadili mtumiaji) na passwd (kubadili nywila) ruhusa yao maalumu ya kufanya kazi kwa uwezo wa root, na watumiaji hawataweza tena kubadili nywila zao.