Mtayarishaji wa filamu za katuni si lazima ajue kuchora

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu: asiyejua kuchora asiote kuwa mtayarishaji wa filamu za katuni. Si kweli, na unawavunja moyo vijana bure. Tafadhali usiusambaze. Wapo walioanzia kwenye uchoraji, lakini si sharti. Mtayarishaji hutafuta fedha, huajiri watu na kusimamia ratiba. Filamu ya dakika 90, kwa picha 24 kila sekunde, ina picha 129,600. Lazima awepo anayejua kipande kipi kimekamilika na kipi kimekwama. Tunachanganywa na neno “mtengenezaji”, tunalompa kila aliyeshiriki. Ukitaka kuhakikisha, filamu ikiisha usizime. Soma majina yanayopita: mtayarishaji ana mstari wake, wachoraji wana wao.