Kuua bakteria kwenye kipandikizi ni rahisi, kasheshe ni mfupa

Juzi mwanafunzi mmoja kanijia maabara anacheka, kashika sahani ya kioo, "wamekufa wote!" Na kweli, kile kipande cha taitaniamu alichokipaka fedha (madini, sio hela) hakikuwa na bakteria hata mmoja. Nikamwambia haya, lete na ile sahani ya seli za mfupa. Seli hizo zikiwa na raha hujitandaza na kutoa vimikono kushika chuma. Tukachungulia kwenye darubini, zote zimejikunja viduara, nyingine zinaelea. Zimekufa nazo. Kicheko kikaishia hapo.

Hiyo ndo kazi yetu sisi watu wa makoti ya vipandikizi, yaani tabaka jembamba la kufunika vyuma vinavyowekwa mwilini, kama nyonga ya bandia. Mfupa unaipenda taitaniamu, hilo lilijulikana kwa bahati tu, 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya taitaniamu kwenye mfupa wa sungura ili aangalie damu inavyopita, alipotaka kuvitoa avitumie tena vikagoma, mfupa umeshaving'ang'ania. Siri iko kwenye oksaidi, utando wa chuma kilichoungana na oksijeni, inayojifunika juu ya chuma, nene kwa nanomita (sehemu ya milioni ya milimita) chache tu. Sasa balaa ni kwamba uso unaowafaa wenyeji unawafaa na wavamizi, na 1987 daktari Anthony Gristina akaliita jambo hili mbio za kuwania uso. Akiwahi mfupa, umepona. Wakiwahi bakteria, hasa hawa stafilokokasi (mmoja wao anaishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumsumbua), wanajijengea utando kama ute, wakishajifungia humo antibaiotiki za kumeza ama za sindano zinahangaika sana, na mara nyingi mwisho wake ni kufungua upya na kung'oa chuma chote.

Nyonga na goti za bandia zinazowekwa mara ya kwanza ni kama mgonjwa 1 hadi 2 kwa kila 100 wanaopata maambukizi, unaweza kuona ni kidogo, ila muulize aliyerudishwa chumba cha upasuaji mara tatu kwa sababu hiyo.

Fedha ipo kazini tayari, kwenye vile vipandikizi vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mifupa, lakini mara nyingi ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa huachwa bila fedha, kwa sababu hiyohiyo aliyoiona kijana wangu. Kuna vyuma vya kuunga mfupa wa muundi vyenye koti la plastiki inayoyeyuka mwilini, ndani yake gentamaisini, antibaiotiki, dawa inatoka kwa wingi mwanzoni kisha inaisha. Mimi hiyo naipenda, mbio zinaamuliwa mapema. Koti linalovuja dawa kidogokidogo miezi na miezi ndo linaloniogopesha, dozi ndogo isiyoua ni shule ya bakteria kujifunza usugu wa dawa.

Haidroksiapataiti, yale madini ya mfupa wenyewe, mfupa unayachangamkia kweli, ila peke yake hayaui kitu kwa hiyo watu wanachanganya na fedha kidogo. Wengine wanaotesha nanotyubu, vijibomba vidogo mno, juu ya taitaniamu kwa umeme na asidi halafu wanazijaza dawa, uzuri wake zinaota kutoka kwenye chuma chenyewe, sio rangi ya kubandika.

Na kubandika ndo panapoua maprojekti mengi, japo kwenye mada za mikutano hupasikii sana. Shina la nyonga, ile sehemu ya nyonga ya bandia inayozama ndani ya mfupa wa paja, linaingizwa kwa nyundo jamani! Tumewahi kugonga letu kwenye mfupa wa bandia, kulichomoa tukakuta pembeni chuma kinang'aa kitupu, koti limebaki mlangoni.

Wiki hii kijana karudi na dozi ya chini zaidi. Bakteria wachache wamebaki, seli zimejitandaza vizuri. Safari hii hakucheka, anaona kama kafeli. Nikamwambia andaa sampuli nyingine, hii tunaipeleka kwenye nyundo.