Kwa nini flashi kali huacha ukumbi gizani?

Picha ya harusi ya usiku, iliyopigwa kwa flashi inayomtazama bibi harusi uso kwa uso, hutoka hivi: uso mweupe pe, dhahabu zinametameta, na mashangazi waliokaa nyuma hawaonekani. Wengi wanaoanza huamini dawa ni kununua flashi yenye nguvu zaidi. Sivyo.

Mwanga wa flashi hutanuka kadiri unavyokwenda. Chukua ndoo moja ya chokaa. Ukuta wa mita 1 kwa 1 utaupaka uenee vizuri. Ukuta wa mita 2 kwa 2 una eneo mara 4, na chokaa ni ileile, kwa hiyo kila sehemu inapata robo. Wa mita 4 kwa 4 una eneo mara 16. Hapo mawe yanachungulia. Umbali wa flashi nao hufanya hivyohivyo: basi shangazi aliye mita 8 kutoka kwenye flashi, yaani mara 4 ya umbali, anapata 1/16 tu ya mwanga anaoupata bibi harusi aliye mita 2. Ongeza ndoo ya pili: wote wawili wamezidishiwa sawasawa, na pengo liko palepale. Kamera ikipunguza mwanga ili kuuokoa uso, nyuma kunarudi kuwa giza lilelile. Hakuna bei inayoivunja hesabu hii, na mimi huona hilo ni jambo la ajabu kweli.

Kinachosaidia ni kukigeuza kichwa cha flashi kitazame ukuta mweupe au dari. Ukuta mzima unakuwa taa, vivuli vinalainika, na umbali kati ya taa hiyo mpya na watu hautofautiani sana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zenye kuta za chokaa zinafaa mno kwa hili, ila dari za boriti nyeusi hunywa mwanga, kwa hiyo elekeza ukutani. Ukuta wa kijani nao utamtia bibi harusi ukijani. Tena mwanga mwingi hupotea njiani. Hapo ndipo nguvu ya flashi ina maana.

Kwenye bustani ya Forodhani, au uwanja wa Ngome Kongwe wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, hakuna dari ya kurudisha chochote. Huko tegemea taa zilizopo. Mmuliko wa flashi mara nyingi hauchukui hata 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo kushusha kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) kutoka 1/200 hadi 1/30 ya sekunde hakuongezi mwanga wake hata kidogo, bali huziruhusu taa za wauza vyakula ziingie pichani. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 ikibidi, kisha punguza nguvu ya flashi. Anayecheza ngoma anaweza kuacha ukungu pembeni mwake.

Dukani, tafuta kwanza kichwa kinachoinama na kuzunguka pande zote. Namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi isikushtue: mara nyingi hupimwa mwanga ukiwa umebanwa kwa lenzi ndefu, labda milimita 200, kwa hiyo linganisha flashi mbili kwa kipimo kimoja, kama milimita 35. Ukitaka TTL, yaani kamera ijipimie mwanga yenyewe, hakikisha flashi imetengenezwa kwa ajili ya kamera yako. Ya Canon haielewani na Nikon. Betri nunua za AA za kuchaji aina ya Ni-MH, kwa sababu huiandaa flashi kwa mmuliko unaofuata haraka kuliko zile za kutupa.